Mrehani wa Mkebeni

Ukiuliza watu wa kampi yetu ya wachumaji chai habari za jirani yetu, wengi watakwambia alikuwa mkaidi. Neno hilo silipingi. Ninachopinga ni vile wanavyolisema, kana kwamba ukaidi ni ugonjwa uliompata akiwa mdogo ukakosa dawa. Ukaidi wa jirani yetu ulikuwa kazi. Aliufanya kila jioni akishatoka kuchuma chai, na aliufanya kwa mikono, kwa msumari, mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia na matawi ya mrehani.

Kampi nzima ilikuwa majirani, lakini ukisema "jirani" bila kuongeza neno, watu walijua unamtaja nani. Watoto walimwita Kogo, yaani nyanya. Nyumba yake na yetu ziligawana ukuta mmoja, ukuta mwembamba hivi kwamba akikohoa mama yangu alimpa pole. Alikuwa na tabia ya kugonga ukuta huo akitaka chumvi, au habari, au mtu wa kugombana naye kidogo kabla ya chakula. Mama alikuwa mchumaji kama yeye. Mimi nilifundisha chekechea ya kampi, miaka hiyo ya tisini, na jioni nilikaa mlangoni nikisikiliza vita vyake na kampuni ya chai iliyotuajiri kama watu wengine walivyosikiliza redio.

Kampuni ilikuwa na sheria nyingi, ila mbili ndizo zilizomchoma. Ya kwanza: hakuna kupanda kitu mbele ya nyumba. Mboga zilikuwa na shamba lake kule bondeni. Mlangoni ni nyasi tu, zikatwe fupi. Ya pili: hakuna tawi bichi kutoka nje ya lango. Hii ilikuwa kwa sababu ya miche ya chai. Kila mkulima wa Kiptere, kijiji cha nje ya lango, alitamani miche ya kitalu cha kampuni, na kwa kuwa chai hupandwa kwa vipande vya tawi, mtu aliweza kutoka na shamba zima ndani ya mfuko wa koti. Kwa hiyo askari wa lango alipekua vikapu.

Kisha kulikuwa na jambo ambalo halikuhitaji kuandikwa: ukistaafu, unarudisha nyumba. Jirani alikuwa amechuma chai tangu akiwa msichana na hakuwa na nyumba nyingine popote. Siku hiyo ilikuwa inakuja na yeye aliijua. Alikuwa amewaona wenzake wakiondoka, mmoja mmoja, na godoro lililofungwa kamba.

"Mimi sitatoka hapa na blanketi na sahani peke yake," aliniambia. "Nitatoka na kitu inaishi. Kitu nimepanda mimi. Wataona."

Hakuwa anatania. Aliposema "wataona", alielekeza kidevu upande wa ofisi.

Afisa aliyekagua nyumba zetu kila Jumamosi tulimwita Welfea, kwa jina la idara yake ya ustawi wa wafanyakazi. Alikuwa mtu wa viatu safi. Mara ya kwanza alipokuta mikebe ya mrehani imepangwa mlangoni kwa jirani, alisimama akakunja uso, akauliza kama mama huyu hajui kusoma tangazo.

"Tangazo inasema usipande kwa ardhi," jirani akamjibu. "Ardhi ni ya kampuni. Mkebe ni yangu."

Welfea akafikiri. Ni lazima nimpe haki yake, alikuwa mtu wa kufikiri. "Na mchanga ndani ya mkebe? Umetoa wapi kama si hapa?"

Siku hiyo alimshinda. Jirani alimwaga mikebe yote mbele yake, polepole, mmoja baada ya mwingine, akaingia ndani. Tukadhani yameisha. Jumapili, badala ya kwenda kanisani, alitembea hadi Kiptere kwa shemeji yake akarudi na gunia la udongo mgongoni, miguu imejaa tope mpaka magotini. Jumamosi iliyofuata mikebe ilikuwa imerudi mahali pake na mrehani umesimama ndani.

"Hii mchanga ni ya Kiptere," alimwambia Welfea kabla hajafungua mdomo. "Kampuni iko Kiptere?"

Tulicheka mpaka mama akanivuta ndani kwa mkono. Mama hakupenda vicheko vya aina hiyo.

Usifikiri mtu huyu alichukia kazi. Hapo ndipo watu hushindwa kumwelewa. Mashambani alikuwa mtiifu kuliko sisi sote. Nyapara hakuwahi kumrudishia kikapu kwa sababu ya majani makuukuu. Alichuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, tangu asubuhi yenye ukungu hadi mchana, na ukimwambia chai ya wakulima wadogo ni nzuri pia, alikasirika. "Ile ni chakula ya mbuzi," alisema. Aliipenda chai ya kampuni kama mtu anavyopenda timu yake. Lakini akishavua ile aproni ya plastiki, hakuwa wa mtu tena. Jioni alichemsha chai hiyohiyo, akaitia jani la mrehani, akanusa mvuke. "Sasa hii ni yangu," alisema. Sukari alikunyima. Nimekunywa chai kwake mara nyingi na sijui kama nyumba ile ilikuwa na sukari.

Mrehani wenyewe aliupata wapi, sikuwahi kujua. Mwaka mmoja aliniambia alipewa na mpishi wa nyumba ya meneja, mtu wa Pwani. Mwaka mwingine ilikuwa ni mke wa mwenye duka la nguo mjini Kericho. Nilipomkumbusha kwamba hadithi zimekuwa mbili, alisema zote ni za kweli na kwamba maswali yangu ni ya kipolisi.

Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba mti ule ni wa Pwani, na kwa hiyo haujui Kikipsigis, lugha yetu. Hapo hakukuwa na mjadala. Mwanamke ambaye kwenye mikutano ya kampi alikataa kabisa kusema Kiswahili, akawalazimisha wakubwa watafute mkalimani, kila asubuhi aliinama mlangoni akaongea Kiswahili na mikebe. "Amka. Umelalaje? Hii baridi ni ya kawaida, usijifanye mgeni." Kiswahili chake alikitunzia watu wawili tu, mrehani na Welfea, na huyo wa kwanza ndiye aliyesemeshwa vizuri. Sisi alitusemesha Kikipsigis; hapa ninamtafsiri tu kwa Kiswahili chake hichohicho.

Baridi haikuwa ya kawaida kwa mrehani, bila shaka. Mti wa jua uliletwa kwenye milima ya ukungu, ukafa kila alipougeuzia mgongo. Julai iliugeuza majani kuwa meusi. Mvua ya mawe ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuja alasiri bila kubisha hodi, ikaviringika juu ya mabati, na sisi tulimwona jirani akitoka mbio, beseni kichwani, kuingiza mikebe ndani mmoja mmoja huku mawe yakimpiga mabegani. Chai yote ya kampuni ilikuwa inapigwa mle bondeni na wakubwa wanalia hasara. Yeye aliketi kitandani amezungukwa na mikebe, amelowa, anahesabu majani.

Kwa hiyo siri haikuwa kuufanya mti uishi. Siri ilikuwa kuwa na mwingine tayari kabla huu haujafa, na kujifunza hilo kulimgharimu. Sisi ni watu wa chai. Tawi tunajua kulipanda kwa njia moja: unakata kipande kifupi chenye jani moja, unakisimamisha kwenye udongo mwekundu wa chini ndani ya karatasi ya plastiki, unafunika kila kitu kwa plastiki nyingine, unafunga kabisa, kisha unakaa mbali na kuvumilia miezi. Ukifungua mapema umeharibu. Jirani aliupanda mrehani hivyohivyo. Wanawake aliowagawia walifanya vilevile, kila mmoja na kitalu chake kidogo uvunguni mwa kitanda, wakijisifu kwa uvumilivu. Walipofungua walikuta uji mweusi unaonuka. Mwaka uliofuata wakarudia, wakafunga plastiki vizuri zaidi.

Mrehani ulijifundisha wenyewe. Kulikuwa na arusi kampini, jirani akavaa tawi kwenye kitambaa cha kichwa, na jioni akalitupa kwenye kikombe chenye maji kidogo, akasahau. Baada ya wiki na siku kidogo alikwenda kuosha kikombe akaona mizizi myeupe imezunguka chini. Nilisikia kelele kupitia ukutani nikadhani nyoka ameingia. Nilipofika alikuwa ameshika kikombe kwenye mwanga wa dirisha, amekasirika kabisa.

"Umenidanganya," aliuambia mrehani. "Miaka yote mimi nakufungia kwa giza kama mwizi, kumbe wewe ulitaka maji tu!"

Tangu siku hiyo dirisha lake lilijaa vikombe. Alikata tawi chini kidogo ya fundo, akaondoa majani ya chini yasioze majini, akabadilisha maji kila alipobadilisha ya kunywa, na mizizi ikifika urefu wa kidole alilihamishia kwenye mkebe aliotoboa kitako kwa msumari. Mbegu hakuzitaka. "Mbegu sijui ni ya nani," alisema. "Hii tawi, mimi najua mama yake."

Ila kitu kimoja cha chai kilimfaa. Vidole vyake havikujua kuchuma kwa namna nyingine, basi mrehani nao aliuchuma majani mawili na kichipukizi, na mrehani ukaitikia. Badala ya kurefuka ukatanuka, ukawa na meza bapa juu kama kichaka cha chai. Maua ndiyo aliyaogopa. Mrehani ukishachanua unaona kazi imekwisha, unakauka. Akiona ncha ya ua tu, aliikata kwa ukucha. "Hapa hakuna kustaafu," aliukemea. "Ukistaafu watakufukuza."

Tawi alimpa yeyote aliyeomba, mradi aje na mkebe wake. Kisha alikuja kukagua, kwa ukali ambao Welfea hakuwahi kuufikia. Ukiuacha ukauke, aliuchukua mkebe hata kama ni wako, akakununia hadi mvua za masika. Mzee mmoja wa kanisa alianza kusema harufu ile inaita mapepo. Jirani hakubishana naye. Jumapili alifika mapema, akaweka kopo lenye matawi ya mrehani kwenye dirisha lililo karibu na kiti cha mzee, akaketi nyuma yake ibada nzima kuona kama atapandisha mapepo. Mzee alipiga chafya mara kadhaa na ibada ikaisha salama.

Katika laini yetu, safu yetu ya nyumba, ni mlango mmoja tu uliobaki bila mkebe, nao ulikuwa wetu. Mama alikataa. Si kwamba hakuupenda mrehani. Nilimwona akiupitisha mkono kila alipopita, kisha akinusa vidole. Lakini mama alikuwa amelea watoto kwa mshahara wa kampuni, chini ya bati la kampuni, na alikuwa na hofu iliyomkaa mwilini kama ile harufu ya kijani isiyotoka mikononi.

"Mimi sitaki maneno," alisema.

"Maneno gani?" jirani alijibu kupitia ukutani. "Ni jani!"

"Leo ni jani. Kesho ni barua."

Hilo liliwagombanisha kuliko chumvi yote waliyoazimana.

Siku ya jirani ilifika, kama ya wengine wote. Aliambiwa aondoke Jumapili, pikapu ya mpwa wake isubiri nje ya lango. Asubuhi na mapema Welfea alikuja kupokea ufunguo, akaona mikebe imepangwa pamoja na godoro, na nadhani alikuwa ameisubiri saa hiyo kwa miaka.

"Hiyo inabaki," alisema. "Hakuna tawi bichi kupita kwa lango. Unajua sheria."

"Hii si chai. Ni mrehani. Hata mtoto anajua."

"Tawi ni tawi, mama."

Laini nzima ilikuwa imetoka nje. Tulingojea moto. Jirani alimtazama Welfea, akatazama mikebe yake. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba amezeeka. Nikasema moyoni, basi, wamemweza.

Kisha akainama, akaanza kuchuma. Hakuchuma majani mawili na kichipukizi. Alikata kila tawi zuri, chini kidogo ya fundo, mti baada ya mti, mpaka vikabaki vigogo vitupu. Akaja kwa mwanamke wa kwanza, mke wa dereva wa trekta, aliyekuwa amevaa tayari kwenda kanisani.

"Weka kwa kitambaa," alimwambia. "Si nyinyi mnaenda kanisa? Nani anakataza mwanamke kujipamba akienda kanisa?"

Wanawake wakaelewa mmoja baada ya mwingine, na nyuso zao zikabadilika. Kila mmoja akapokea tawi lake akalichomeka kichwani. Na mimi nikachomeka langu. Jirani akapindua mikebe yake, udongo na vigogo vikamwagika pale mlangoni, lundo zima, juu ya nyasi zilizokatwa fupi.

"Mchanga ya Kiptere nimeachia kampuni," alimwambia Welfea. "Zawadi."

Kabla ya kuondoka aliingia ndani tena. Alikwenda kugonga ukuta. Mama hakuwa ametoka. Alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani, na alisikia. Hakugonga kujibu. Jirani alingoja kidogo, akatoka na kiti chake.

Tulitembea hadi langoni tukiimba. Harufu ilitutangulia. Askari alitoka kwenye kibanda chake, pua juu, Welfea amesimama nyuma yetu akihema.

"Nini inanukia hivi?" askari akauliza.

"Ni wanawake wameoga," mke wa dereva akamjibu. "Wewe hujazoea?"

Askari alitazama vile vichwa vyote vya kijani. Alimtazama Welfea. Angeanzia kwa nani? Angemvua kitambaa mke wa nani, Jumapili asubuhi, mbele ya kanisa zima? Akafungua lango. Upande wa pili jirani, aliyekwisha kutangulia, alikuwa ameweka karai la maji juu ya pikapu, na kila mwanamke alipopita alichomoa tawi lake akalitia humo. Jirani hakulia. Alitukemea tuliokandamiza majani.

Nilimwona mara ya mwisho kama miaka miwili baadaye, karibu na Roret, kwenye kipande cha ardhi alichokipata mteremkoni. Huko watu hupanda chai mpaka kwenye ngazi ya jikoni, na kipande chake kilionekana kutoka mbali, kwa sababu ndicho pekee kisichokuwa na chai. Afisa wa kiwanda cha chai alikuwa amekwishapita kumshawishi apande.

"Nilimwambia hapa hataona hata mche moja," alisema. "Hii mgongo imejua chai ya kutosha."

Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, havifunguki vizuri. Aliniambia kwa kicheko kwamba alipofika, kwa kiherehere cha kuwa na ardhi yake, aliupanda mrehani wote katikati ya shamba, na Julai ikaua karibu wote. Alibakiwa na mmoja. Sasa mirehani iliyotokana na huo ilikuwa imepandwa ardhini, nyuma ya jiko, pale ukuta unapopata joto la moto, kichaka baada ya kichaka, juu bapa kama meza. Mlangoni kulikuwa na mikebe mitupu, imeoshwa, imepangwa.

"Na hiyo bado unaweka ya nini, Kogo? Si una ardhi?"

"Si yangu. Ni ya wale bado wako ndani ya lango."

Akaingia jikoni akatoka na mmoja uliojaa udongo, mrehani mchanga umesimama katikati, na akaniwekea mapajani.

"Hii ni ya mama yako."

"Hatachukua," nikamwambia. "Unamjua."

"Mimi nimeuliza kama atachukua?" Akanitazama kwa hasira ileile ya zamani, na nilifurahi kuiona. "Mwambie nimechoka kungoja ajibu ukuta."

Nilimfikishia mama maneno hayo kama yalivyo. Aliusukuma mkebe uvunguni mwa kitanda. Jioni moja niliukuta dirishani. Asubuhi nyingine nilimsikia akinong'ona Kiswahili peke yake nikajifanya nimelala.

Jumamosi moja niliamka nikaukuta mlangoni, nje, mahali ambapo kila mtu anapita. Mama alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Welfea alikuwa anakuja, nyumba baada ya nyumba. Nilitaka kuuingiza ndani kabla hajafika. Mama akanishika mkono.

Welfea alisimama. Aliutazama mkebe, akamtazama mama, ambaye miaka yote ile hakuwahi kumsikia akijibu neno.

"Hata wewe?" akauliza.

"Ardhi ni ya kampuni," mama akasema, na sauti haikutoka vizuri, akakohoa, akaanza upya. "Ardhi ni ya kampuni. Mkebe ni yangu."

"Na mchanga?"

Mama akasimama.

"Mchanga ni ya Roret," alisema. "Iko na mwenyewe. Enda umuulize."